Kuacha Kibarua kwa Kazi Iliyo Bora

Vijana wetu waliokwenda bara kutafuta riziki huuliza: aliyeshika kibarua cha kuvuna mahindi Kitale, kisha akaitwa Bungoma kwa ujira mkubwa zaidi, je, ni halali aondoke?

Twasema: kutafuta lililo bora si dhambi, lililo haramu ni kuvunja ahadi. Ijara katika madhehebu yetu ya Shafi ni mapatano yenye kuwafunga wote wawili, na Aya ya kwanza ya Suratul Maida yatuamrisha kuyatimiza mapatano.

Basi na atazame walivyoafikiana. Alipwaye kila siku, mapatano yake huisha jioni. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humhesabu kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo kuwa kama mtu wa mshahara wa mwezi: yampasa atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, au alipe ujira wa siku hizo. Na aliyeahidi kumaliza mavuno, ayamalize au aombe ruhusa.

Nabii Musa, amani imshukie, alipatana na mzee wa Madyan miaka 8, akaitimiza. Atorokaye usiku huwafungia mlango Waislamu wenziwe watakaoomba kazi nyuma yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.