Kutunza Nakala za Vitabu vya Usharika

Somo kwa wainjilisti, makarani na wazee wa Kanisa

Masomo: Yeremia 32:6–15 na 36:1–32

Katika sharika zetu za Iringa na Mbeya viko vitabu visivyosomwa ibadani, lakini pasipo hivyo usharika hauwezi kujua watu wake. Ndivyo kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha mazishi, pamoja na hesabu za sadaka, mihtasari ya baraza la wazee, na hati za viwanja vya Kanisa. Jina la mtoto likiandikwa humo, haliandikwi kwa ajili ya siku ile tu. Baada ya miaka 30 mtu aweza kuja kutoka Makambako au Dar es Salaam akitaka cheti cha ubatizo, kwa kuwa kuzaliwa kwake hakukuandikishwa serikalini, na cheti hicho ni mojawapo ya hati zinazomsaidia kuthibitisha kuzaliwa kwake mbele ya RITA. Mjane naye aweza kuja kutafuta habari ya ndoa yake, maana ndugu za marehemu wanabisha. Kitabu kikiwa kimepotea, tutamjibu nini?

Zamani adui za vitabu hivi walikuwa mchwa, panya, moto na unyevu wa masika. Adui hao wangalipo. Lakini siku hizi sharika zimeanza kuandika katika kompyuta na kuweka faili zao katika wingu, na wengine hudhani ya kuwa sasa hatari zimekwisha. Basi katika somo hili tutaangalia kama ni kweli.

1. Mambo aliyoyafanya Baruku

Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati jeshi la Babeli lilipouzunguka mji. Hati za ununuzi zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na moja i wazi. Baruku akaamriwa kuzitia zote katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Angalieni mambo matatu: hati haikuwa moja, ile iliyo wazi iliweza kusomwa, na ile yenye muhuri haikuweza kuguswa, tena chombo kilichaguliwa kwa kufikiri siku zijazo.

Katika sura ya 36 twaona jambo jingine. Mfalme Yehoyakimu alikatakata gombo la nabii na kulitupa motoni. Bwana akamwamuru Yeremia atwae gombo jingine, na Baruku akaandika tena maneno yote yaliyoteketea, na mengine yakaongezwa. Neno la Mungu halikupotea, kwa kuwa Bwana mwenyewe alilirudisha kinywani mwa mtumishi wake. Lakini sisi hatukupewa ahadi kama hiyo katika habari ya hesabu za sadaka. Hakuna mzee awezaye kukumbuka majina ya watoto 400 waliobatizwa, na tarehe zao, na wadhamini wao. Gombo letu likiungua, atakayeliandika tena ni yule tu aliye na nakala.

2. Wingu ni nini

Sisi tukaao chini ya Rungwe na Uporoto twalijua wingu: alfajiri limefunika migomba na mashamba ya chai, jua likipanda halipo. Wingu la kompyuta silo hilo. Ni nyumba halisi, yenye kuta na umeme, iliyojaa kompyuta kubwa za kampuni fulani, na faili zetu hufika huko kwa njia ya intaneti. Kusema faili iko katika wingu ni kusema iko katika kompyuta ya mtu mwingine, mbali nasi.

Nayo nyumba hiyo yaweza kuungua. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliotokana na betri ulizuka katika nyumba ya kompyuta za serikali ya Korea ya Kusini, mjini Daejeon. Humo ilikuwamo hifadhi iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa serikali waliweka kazi zao, terabaiti 858 kwa jumla. Hifadhi ile haikuwa na nakala mahali pengine. Ikateketea. Ikiwa taifa tajiri lenye mafundi wengi lilipatwa na hayo, usharika wa kijijini usijivune kwamba faili zake ziko mahali pasipofikiwa na moto.

3. Kulinganisha siko kuweka nakala

Hapa wengi hukosea. Programu ya wingu iliyo katika kompyuta ya ofisi hufanya kazi ya kulinganisha, yaani lolote lifanyikalo hapa hufanyika na kule. Ukiandika jina jipya, kule laandikwa. Lakini ukifuta kitabu cha ndoa kwa bahati mbaya, kule nako chafutwa. Virusi vikiingia na kuzifunga faili ili wezi wadai fedha, faili zilizofungwa hupelekwa kule zikachukue mahali pa zile nzima. Ni kama kioo: ukijipaka masizi usoni, kioo hakitakuonyesha uso safi wa jana.

Ni kweli liko pipa la taka ambalo faili iliyofutwa hukaa humo kwa muda. Katika Google Drive muda huo ni siku 30, kisha faili hutoweka kabisa. Lakini kitabu cha kipaimara cha mwaka jana nani atakifungua ndani ya siku 30? Aghalabu kosa hugunduliwa baada ya miezi, siku mtu anapokuja kutaka cheti. Kwa hiyo nakala ya kweli ni ile iliyokaa mbali na faili ya kazi, isiyobadilika kila hiyo ibadilikapo.

4. Nakala tatu

Wenye ujuzi wa kazi hii wana kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Kwetu yaweza kufanyika hivi. Ya kwanza ni faili za kazi, zilizo katika kompyuta ya ofisi na katika wingu. Hizi, kwa sababu ya ule ulinganisho, tuzihesabu kuwa moja. Ya pili ni diski ya nje, inayochomekwa siku ya kunakili, kisha ikachomolewa na kufungiwa katika kasha la usharika. Isiachwe imechomekwa, maana radi ya Desemba na virusi hupita katika waya uleule. Ya tatu ni diski nyingine ikaayo mbali, kama katika ofisi ya jimbo au ya dayosisi. Kutoka Iringa hata Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Moto uwezao kuunguza ofisi zote mbili siku moja haupo. Wakuu wakikubaliana, ndugu wa pande hizi mbili waweza kutunziana.

Wala vitabu vya karatasi visitupwe. Kitabu kilichoandikwa kwa wino hakihitaji umeme wala neno la siri.

5. Kuiangalia nakala

Ndugu, hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Kuweka nakala ni kazi ya siku moja. Kuiangalia ni kazi ya kila mwezi. Nakala isiyoangaliwa ni matumaini tu.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni iitwayo GitLab, itunzayo kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipatwa na msiba. Fundi mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta data katika kompyuta isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala zao walikuta ghala tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila siku, kwa kuwa toleo lake halikupatana na toleo la hifadhi yao. Barua za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani, zisimfikie mtu. Waliokolewa na nakala moja ambayo mtu aliifanya kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Mambo yaliyoandikwa katika saa zile sita yakapotea. Jifunzeni neno hili: walidhani ukimya ni dalili ya usalama. Mchungaji wa mbuzi hangoji mbuzi apige kelele, jioni huhesabu.

Basi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi karani na mzee mmoja wakae pamoja na kutazama mambo haya:

(a) Tarehe. Nakala ya mwisho ni ya siku gani? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini ziletazo intaneti Afrika Mashariki zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikavurugika. Siku kama hizo faili hazipandi kwenda katika wingu, na programu haipigi kengele. Atazamaye tarehe atajua.

(b) Hesabu. Faili ni ngapi, na ukubwa wake ni gani? Mwezi uliopita zikiwa 612 na leo ni 598, ziulizwe zile 14 zimekwenda wapi. Hesabu ikiwa ileile kwa miezi mitatu, na ubatizo umefanyika, hiyo nayo ni dalili mbaya.

(c) Nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, nazo zinatumiwa na barua, picha na faili kwa pamoja. Ikijaa, faili mpya hazipokelewi. Picha za sherehe za kwaya zaweza kukifungia mlango kitabu cha ubatizo.

(d) Kufungua. Chagueni faili tatu pasipo kupanga, mzitoe katika diski, mzifungue katika kompyuta nyingine, na kuzisoma. Jina na tarehe zilinganishwe na kitabu cha karatasi. Jaribio hili halina mbadala. Debe la unga laweza kuonekana limejaa, na ndani wamo fukusi, asiyefunua hajui.

(e) Daftari. Yote yaandikwe katika daftari dogo: tarehe, hesabu, nafasi iliyobaki, faili zilizofunguliwa, kasoro zilizoonekana, na sahihi za watu wawili. Daftari lisomwe katika baraza la wazee kama zisomwavyo hesabu za sadaka.

6. Ufunguo na siri

Wamisionari wa Berlin walifika nchi ya Konde mwaka 1891. Vita ya 1914–1918 ikawaondoa. Wakarudi katika miaka ya 1920, na vita iliyoanza 1939 ikawaondoa tena. Kazi haikufa, maana walimu na wazee wenyeji walikuwa wamekwisha kuijua. Twapata fundisho: kazi iliyo mikononi mwa mtu mmoja huondoka pamoja naye. Karani aweza kuhama, kuugua au kufa, na neno la siri likawa kichwani mwake tu. Kwa hiyo akaunti iwe ya usharika, isiwe ya mtu. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, likae katika kasha. Na watu wawili walijue. Tena akaunti itumiwe: tangu Desemba 2023 Google yaweza kuifuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo.

Lakini hati yenye muhuri haikuwa ya kila mtu. Vitabu vyetu vina habari za watu: kuzaliwa nje ya ndoa, kutengwa na kurudishwa, madeni ya ahadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, yataka habari hizo zilindwe, na imeweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Basi diski ikaayo mbali ifungwe kwa neno la siri, na asiwepo atakayetuma kitabu cha usharika kwa simu kwa rafiki, hata akiwa ndugu katika Kristo.

7. Neno la mwisho

Wengine watasema kazi hii ni ya mafundi, siyo ya Kanisa. Lakini Baruku alikuwa mwandishi, na chombo chake cha udongo kilikuwa kazi ya imani, maana Yeremia alinunua shamba akiamini ya kuwa watu watarudi kulima. Sisi nasi twatunza majina kwa kuwa twaamini wenye majina hayo watakuja. Mtoto aliyebatizwa Jumapili iliyopita atakapokuja kuuliza, tuwe na jibu la kumpa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini hati za Yeremia zilikuwa mbili, na kwa nini moja ilitiwa muhuri?
2. Katika usharika wenu, kompyuta ya ofisi ikiibiwa usiku huu, ni vitabu gani vitakavyopotea?
3. Ni nani wajuao neno la siri la akaunti ya usharika? Je, wako wawili?
4. Ni lini mlipofungua nakala na kuisoma? Kama hamjafanya, pangeni siku na watu wawili kabla ya kuondoka hapa.

Sala: Bwana, wewe uwajuaye walio wako kwa majina, utufanye watunzaji waaminifu wa majina uliyotukabidhi. Amina.