Kalambo: Maporomoko, Magogo ya Kale na Uvumi wa Rupia

Mto Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huporomoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Kati ya barua za wasomaji, mtaalamu wa mambo ya kale amechagua zilizomkera zaidi na kuzijibu.

Nani aliyegundua maporomoko haya?

Hakuna. Walungu waliishi hapo kabla mgeni yeyote hajafika na daftari.

Magogo ya miaka 476,000? Mti gani usiooza?

Wengi wameuliza hivi, na baadhi wanadai ni uongo wa wazungu. Mti huozeshwa na vijidudu vinavyoula, navyo vinahitaji hewa. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, magogo yalifukiwa kwenye mchanga uliolowa maji muda wote, hewa isifike. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alikuta miti ya kale huko tangu miaka ya 1950, ila kipimo cha umri kwa kaboni hugota kwenye miaka 50,000 hivi. Mwaka 2019 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilirudi na kupima mchanga wenyewe. Chembe ya mchanga ikifukiwa gizani hujilimbikizia nishati kidogo kidogo. Nishati hiyo ikipimwa, hujulikana lini iliona jua mara ya mwisho.

Matokeo yalitoka 2023: magogo mawili ya miaka hiyo 476,000, moja juu ya jingine, yameshikana kwenye pengo lililochongwa kwa zana za mawe. Mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yana miaka 300,000 hivi. Waliochonga walitutangulia mbali! Basi ile dhana kwamba watu wa kale walitangatanga tu bila kujua kujenga ifutwe hata vitabuni.

Wajerumani walificha rupia huko?

Barua tatu, jibu moja: hapana. Walikuwa na boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Hilo ni kweli. Lakini boma si hazina: waganga na wauza vipimo vya hazina wanakula pesa zenu, na kila shimo mnalochimba linavuruga tabaka ambazo wataalamu wangezisoma. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964; kuchimba bila kibali ni kosa.

Tunaweza kupiga picha ukingoni kabisa?

Hapana. Mwamba unateleza.

Nikiokota jiwe lililochongwa?

Usiliokote. Lipige picha palepale lilipo, kisha mwite mhifadhi.