Kuandika Kerneli Yako Mwenyewe: Anza na Herufi Moja

Wengi wetu tunaosoma uhandisi hapa Minnesota tunatumia Windows au Linux kila siku, lakini ukiuliza ni nini hasa kinatokea ukibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, kimya! Basi leo tujifunze kwa vitendo.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ni kama konda wa daladala: abiria wote wanataka kiti, yeye ndiye anayeamua nani akae, nani asubiri, nani ashuke. Kerneli inazigawia programu muda wa prosesa, memori na vifaa.

Msiogope. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki alipotangaza Linux mwaka 1991. Alianzia kwenye Minix, mfumo mdogo ambao Andrew Tanenbaum aliutoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia.

Zana

Unahitaji vitu viwili, vyote vya bure: NASM, yaani asembla ya kugeuza maagizo kuwa lugha ya mashine, na QEMU, kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta yako. Ukivuruga unaifunga tu, laptopu yako haidhuriki.

Hatua ya kwanza

Kompyuta ikiwaka kwa BIOS, inasoma baiti 512 za mwanzo za diski, inaziweka kwenye memori anwani 0x7C00, kisha inaanza kuzitekeleza. Sharti ni moja: baiti mbili za mwisho ziwe 55 na AA. Andika hivi kwenye faili anza.asm:

org 0x7C00
mov ah, 0x0E
mov al, 'J'
mov bh, 0
int 0x10
jmp $
times 510-($-$$) db 0
dw 0xAA55

Agizo la int linaiomba BIOS ichapishe herufi. Jmp $ inazunguka palepale. Times inajaza sifuri mpaka zitimie baiti 510. AA55 imegeuzwa kwa sababu prosesa hizi hutanguliza baiti ndogo. Sasa endesha:

nasm -f bin anza.asm -o anza.bin
qemu-system-i386 -drive format=raw,file=anza.bin

Ukiona J kwenye skrini, hakuna Windows wala Linux iliyoiandika. Ni wewe na mashine tu.

Hatua zinazofuata

Huo ni mlango tu, kerneli bado. Sasa mwachie GRUB kazi ya kupakia, wewe uandike kwa C. Hapa wengi hukwama: printf haipo! Inategemea maktaba ya C, maktaba inategemea kerneli, na kerneli ndiyo kwanza unaiandika. Kwa hiyo andika moja kwa moja kwenye memori 0xB8000: kila herufi baiti mbili, ya herufi na ya rangi, safu 80 kwa mistari 25. Kisha kibodi, kisha kugawa memori, kisha kupokezana kwa programu mbili. Usiruke hatua.

Kwa nini tujisumbue? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kazi nzuri sana, ila ni ya ghorofa ya juu. Simu zetu na mashine za benki za nyumbani zote zina kerneli, na zikigoma, atakayezielewa ni yule aliyewahi kuchimba msingi.

Haba na haba hujaza kibaba. Baiti 512 ndiyo haba ya kwanza. Kazi njema!