Kunyauka kwa Nyanya Katika Kitalu Nyumba

Mkulima aliyejenga kitalu nyumba ametoa fedha nyingi, naye hutumaini kwamba maradhi ya shambani hayatamfikia. Lakini uko ugonjwa mmoja usiozuiwa na nailoni wala wavu, kwa kuwa hukaa udongoni, nao ni mnyauko wa bakteria.

Mche ulio mzuri, pengine wenye matunda tayari, hulegea majani ya juu wakati wa jua kali. Jioni huinuka kidogo, na baada ya siku chache hufa, majani yakiwa bado ya kijani. Wengi waonapo hivi huzidisha maji, na kumbe wanausaidia ugonjwa, maana bakteria husafiri na maji toka mche hata mche.

Kabla ya kununua dawa yo yote, pima. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, urefu wa kidole. Kining'inize katika bilauri ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, wala usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe mfano wa maziwa zikishuka, ni bakteria. Zisiposhuka, na tena majani ya chini yaligeuka manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja, yamkini ni mnyauko wa ukungu uitwao fusari. Kwa huo, msimu ujao tafuta mbegu ya aina istahimiliyo fusari.

Hakuna dawa ya kunyunyizia iponyayo mche ulioshikwa na mnyauko wa bakteria. Hatukufichi neno hili, kwa sababu fedha nyingi hupotea hapo. Ng'oa mche pamoja na udongo ulioshikamana na mizizi, utie guniani papo hapo, ukauchome mbali na mfereji. Kisu cha kupogolea kisafishwe kwa maji ya klorini kila utokapo mche mmoja kwenda mwingine, na viatu visafishwe mlangoni.

Mahali pale pasipandwe nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili wala mnavu kwa miaka kadhaa. Mahindi, vitunguu na kabichi vyafaa. Mwenye kitalu kimoja ataliona shauri hili kuwa gumu. Basi na atumie miche iliyobebeshwa juu ya shina la aina yenye kustahimili bakteria, au apande katika mifuko ya udongo uliopikwa kwa mvuke, mifuko ikae juu ya nailoni isiguse ardhi, na maji yasitoke katika mfereji upitao mashamba ya viazi.