SOMO LA WIKI: Kulipia kiti cha ndege mapema, faida au hasara?

Mfanyabiashara wa Tanga anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou kwa kawaida hupandia ndege Dar es Salaam. Akinunua tiketi ya bei ya chini, mara nyingi huulizwa kama atalipia kiti anachokitaka.

Kwanza ajue kuwa kiti atapata hata asipolipa. Mashirika mengi hufungua usajili wa safari kwa intaneti saa 24 hadi 48 kabla ya ndege kuondoka, na viti vilivyobaki hugawiwa bure.

Chukua mfano wa ada ya sh. 60,000 kwenda na sh. 60,000 kurudi. Kwa safari tatu kwa mwaka ni sh. 360,000, na haziongezi hata kilo moja ya mzigo. Zikiwekwa kwenye bidhaa zenye faida ya asilimia 20, zingerudi sh. 432,000.

Hata hivyo, ada hiyo humfaa mwenye miguu mirefu anayesafiri usiku kucha, au mwenye muda mfupi wa kubadili ndege, kwani kiti cha mbele humwezesha kushuka mapema. Asome masharti: ndege ikibadilishwa, kiti nacho huweza kubadilika.

Katika ndege ndogo kama Cessna Caravan, aina inayotua Tanga, hesabu ni nyingine. Humo abiria huweza kupangwa kwa uzito ili ndege ikae sawa.

Hivyo basi, mwenye mtaji mdogo aulize kwanza bei ya kilo za ziada, ndipo aulize bei ya kiti.