Mapigo ya Moyo Wako ni Data Nyeti

Mwajiri wako au kampuni yako ya bima inaweza kukualika uvae saa ya mazoezi na kuiunganisha na programu ya simu, hatua zako zihesabiwe na atakayetembea zaidi apewe zawadi. Kutembea ni afya. Lakini saa hiyo haihesabu hatua tu. Hurekodi mapigo ya moyo, muda wa kulala, njia unayopita alfajiri, na hata tarehe za hedhi ukiziingiza. Kabla hujabonyeza “Kubali”, jua sheria ya Kenya inavyokulinda.

Je, hii ni data ya afya?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za hali ya afya ya mtu, ya mwili au ya akili, kuwa data nyeti. Si lazima zitoke hospitalini. Kampuni isiyo na daktari hata mmoja haiwezi kujitetea kwamba kazi yake ni kuuza saa. Hata ikiwa ng'ambo, sheria inaifuata, mradi inashughulikia data ya mtu aliye Kenya.

Nikishakubali, nimejifunga?

Hapana. Ridhaa lazima iwe ya hiari na ya jambo mahususi, na ni wajibu wa kampuni kuthibitisha kwamba uliitoa. Unaweza kuiondoa wakati wowote. Ukinyimwa huduma mpaka ukubali data yako wapewe watangazaji, ilhali kuhesabu hatua hakuhitaji hilo, hiari hiyo ina walakini, na sheria inataka sharti hilo lizingatiwe katika kuamua kama ridhaa ilikuwa ya hiari.

Ahadi ya faragha peke yake usiitegemee. Mwaka 2021, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na Flo, programu ya kufuatilia hedhi iliyotumiwa na watu zaidi ya milioni 100. Tume iliituhumu kupeleka habari za afya za watumiaji kwa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google, baada ya kuwaahidi kuwatunzia siri.

Nifanye nini?

Kuondoa programu kwenye simu si kufuta data. Rekodi zaweza kubaki kwenye seva za kampuni. Andika barua pepe ya namna hii:

“Mimi ni mtumiaji wa programu yenu. Kwa mujibu wa vifungu vya 26 na 40 vya Sheria ya Ulinzi wa Data, naomba nakala ya data yote mliyo nayo kunihusu na mnieleze mmempa nani. Naondoa ridhaa yangu kuanzia leo. Futeni rekodi za mapigo ya moyo na za mahali nilipopita.”

Kanuni za mwaka 2021 zinaipa kampuni siku 7 kukupa data yako, na siku 14 kushughulikia ombi la kufuta. Hifadhi nakala ya barua na tarehe uliyoituma.

Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuyaeleza kwa mdomo yakaandikwa, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo. Ukiwa umepata hasara, una haki ya kudai fidia.

Msomaji wa Tanzania naye ana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yake huyapeleka kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na kama aliyekupa saa ni mwajiri, muulize kwa maandishi: nani ataona mapigo ya moyo wangu, na yatatumika kuamua lolote kuhusu kazi yangu? Mfanyakazi akikubali kwa kuogopa bosi, hiyo si hiari. Jibu lisiporidhisha, tembea bila saa.