Kumpokea Mzazi Aliyewekewa Nyonga au Goti la Bandia



Somo la mwezi huu ni kwa wale ambao baba au mama yao yu hospitalini, akingoja kurudi nyumbani baada ya kuwekewa kiungo cha bandia. Upasuaji huu si mgeni tena. Daktari John Charnley alifanikiwa na nyonga yake ya bandia huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, na siku hizi kazi hiyo hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Daktari humaliza sehemu yake kwa saa chache. Majuma yanayofuata ni kazi yetu, nasi mara nyingi huianza gari likiwa limekwisha kufika mlangoni.

Shida ni kwamba maisha ya nyumbani kwetu huwa chini. Twaketi mkekani, twapika juu ya kigoda, twakuna nazi juu ya mbuzi, twachuchumaa chooni. Nyonga mpya ni kama tufe ndani ya kikombe, na nyama zinazoishika hazijapona. Goti likipanda juu kuliko nyonga, au miguu ikipishana, tufe laweza kuchomoka. Ndiyo maana madaktari wengi hukataza mambo hayo kwa majuma 6 hadi 12. Masharti hutofautiana kufuatana na upande aliopasuliwa mgonjwa, basi ulizeni kabla ya kuondoka wodini, na mmoja ayaandike.

Anzeni na kiti. Mzazi akisimama, pimeni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake; kiti kizidi hapo kidogo, kama sentimita 5. Kiwe kigumu, chenye mikono ya kujisukumia anapoinuka. Kochi la sebuleni linalodidimia halifai, hata kama ndilo la heshima. Kitanda nacho kiwe na kimo hicho; fundi seremala aweza kukiinua kwa magogo yaliyotobolewa ili miguu ya kitanda iingie ndani isiteleze. Matofali yaliyopangwa tu yasitumike.

Choo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, labda kwa kuwa twaona haya kukitaja mbele ya wazazi. Choo cha kuchuchumaa hakifai kabisa. Mwambieni seremala atengeneze kiti imara chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo, na ukutani pafungwe mti wa kushika. Usiku, kiti cha namna hiyo chenye ndoo chini yake kikae chumbani, maana njia ya uani gizani imewaangusha wazee wengi wenye miguu mizima. Baba huenda akapendelea mwana wa kiume amsaidie, na mama binti au mkwe. Mpatane mapema bila kumwuliza mbele ya watu. Pimeni pia kama fremu ya kutembelea yapita katika mlango huo.

Ondoeni mikeka na vizulia njiani. Ndala zinazochomoka zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino, na kanga isiburure. Penye ngazi au kizingiti, mguu mzima hutangulia kupanda, na uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Goti lina desturi yake. Lahitaji kukunjwa na kunyoshwa kila siku kama mgonjwa alivyofundishwa, ingawa lauma. Wengi kwa huruma huweka mto chini ya goti, nalo likazoea kupinda. Mto uwe chini ya kisigino.

Msimfanyie kila kitu. Atembee kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kikombe chake kiwe juu ya meza mahali anapofikia bila kuinama. Kanisani asipige magoti. Kasisi akiambiwa mapema atamletea Ushirika pale alipoketi.

Wageni watakuja, na hatakosa mmoja mwenye chupa ya mafuta, tayari kuukanda mguu. Mkatazeni kwa adabu, hata akiwa shangazi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, yawezekana damu imeganda ndani, na kukanda kwaweza kuisukuma ikaenda mapafuni. Mgonjwa akipungukiwa pumzi ghafula au kifua kikiuma, apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, au mguu ukiuma ghafula na kuonekana mfupi kuliko mwenzake. Mguu huo usivutwe na mtu yeyote nyumbani.

Kabla hatujakutana tena, kila mmoja apime kimo cha kiti anachoketia mzazi wake, akitazame choo kama yeye ndiye mwenye magongo, na kuja na jina la seremala aliye karibu.